Mashua ya Watalii

Jana mteja niliyekuwa nikimsuka nywele hapa mtaani Bertrams, mbali na kwetu, alitoa mafuta ya kukinga jua, akajipaka shingoni. Niliitambua harufu yake. Niliinusa mara ya kwanza utotoni, kwenye visiwa vyetu vya kaskazini karibu na mpaka, siku watalii walipokuja kutazama magofu.

Mama alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto hatoki. Mkunga akasema apelekwe hospitali ng'ambo. Mashua yenye injini ilikuwa moja tu, ile iliyowaleta wageni. Baba alimbeba mama hadi ufukweni, akamlaza kwenye jamvi. Mimi nilimfuta jasho.

"Ndugu yangu, tuvushe," baba alimwomba nahodha.

"Subirini kidogo, kaka. Wageni hawajauona msikiti wa kale."

"Haya," baba akajibu kwa adabu.

Mwanamke mmoja wa kizungu, mikono yake ikinuka mafuta yale, aliniinamia akanipa peremende. Alinipiga picha, huku nyuma yangu mama akiuma upindo wa kanga asipige kelele. Kisha wakapanda kilimani, wakisimama kila mahali kutazama bahari.

Waliporudi jua lilikuwa limekwisha kupinda. Tulivuka pamoja nao. Mama alipona, lakini mdogo wangu alizaliwa bila kulia.

Baba alitoka hospitalini akashuka tena gatini. Alimpa nahodha mkono.

"Asante sana kwa kutuvusha," akamwambia.

Mama alipohadithiwa hayo, aligeukia ukutani.