Katikati ya Ushuhuda

Kaka yangu alitolewa hai kwenye shimo lililoporomoka, na Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Kwetu Kolwezi ndivyo inavyofanyika. Mchimbaji aliyerudi kutoka chini ya udongo haachwi anyamaze. Anavalishwa shati safi, familia inabeba unga na kuku wa shukrani, naye anashika maikrofoni aeleze jinsi Mungu alivyomtoa. Watu wanapiga makofi, wengine wanalia. Mimi pia nililia.

Alikuwa anasimulia vizuri. Vumbi lilimwingia machoni, taa ya kichwani ikazima, akaimba wimbo wa kanisa gizani, kisha akasikia majembe ya wenzake juu na mkono ukamshika. Hapo kanisa zima lilikuwa linasimama. Mchungaji wa mtaa wa pili akaomba aende kwake pia, halafu wengine, halafu watu wa Fungurume wakatuma gari kumchukua. Vijana waliotoka Kasai na Kivu kutafuta kobalti walikuwa wanamgusa bega kabla ya kushuka mashimoni, wapate bahati.

Kila aliporudi kutoka kusimulia, nyumbani hali ilizidi.

Nyumba zetu za mtaa wa Kapata zilijengwa na kampuni ya migodi kwa ajili ya wafanyakazi wake wa zamani: vyumba vidogo, dirisha dogo, bati juu. Kaka hakuweza tena kukaa ndani. Alihamishia godoro lake barazani. Alikula akiwa amesimama, sahani mkononi, macho barabarani. Bati likitoa mlio kwa joto la mchana, alikuwa ameshajitupa chini kabla sisi hatujasikia kitu. Mtu akifunga mlango, hata wa choo, alipiga kelele: "Fungueni! Munataka tufe?" Na usingizini, mke wake alituambia, alikuwa anamjibu mtu: "Niko. Niko." Alikuwa anamjibu nani, hakuna aliyejua.

Halafu usiku mmoja alimshika mke wake mkono akiwa bado anaota, akamburuta kutoka barazani hadi uani amwokoe na udongo ambao haukuwepo, na bega likateguka. Mke akamfunga mtoto wao mgongoni kwa mkono mmoja, akarudi kwa wazazi wake Fungurume. Alimpigia mama yangu simu.

"Mama, mi simukatae. Ile siku atalala mu nyumba sawa mutu, mutaniita, nitarudia. Lakini baba yangu anasema mutoto hatabakia karibu na mutu mwenye kuota vile."

Mama aliiweka ile simu mapajani. Kaka alikuwa nje, ameegemea ukuta, amesikia yote. Tangu siku ile hakuuliza habari ya chakula wala ya kazi. Aliuliza mke wake amesema nini, basi.

Na sisi tulifanya nini? Tuliona kwamba ikiwa bado anateseka, basi shukrani haijatosha. Tukamtafutia kanisa lingine. Tulimpenda, na tulimpeleka kwenye maikrofoni kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari.

Kituo cha afya alikwenda kwa ajili ya kichwa kuuma tu. Muuguzi aliyempokea alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu, aliyezoea kuhudumia watu waliokimbia vita mashariki. Kaka hakuweza kuingia katika chumba chake, kwa hiyo muuguzi alitoa viti nje, tukakaa kando ya tangi la maji.

"Unalala, tata?" alimuuliza; kwetu tata ni baba.

"Nalala."

"Anadanganya," nikasema.

"Mama, usimusikie huyu. Mudogo yangu anaandikaka bitabu. Kazi yake njo kudanganya."

Muuguzi alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akamwomba amwambie yaliyompata shimoni. Kaka akamsimulia kama kanisani, kwa sauti ile ile, akipumzika pale pale ambapo watu hupiga makofi. Muuguzi hakupiga makofi.

"Aksanti. Umeanza ku mavumbi, ukaruka mpaka ku mukono. Na katikati?"

"Katikati niliimba."

"Wakati yote ile?"

Kaka aliangalia tangi la maji.

Ugonjwa wake una jina refu kwa Kifaransa, na muuguzi alilitaja mara moja akaliacha. Alichosema ndicho kilichobaki kwangu. "Kichwa yako inajua ulishatoka. Mubili haiyajua. Ingali kule chini, inangojea udongo ianguke tena. Na kila siku unakimbia mulango, unakimbia kiti, unakimbia giza, mubili inasema, ona, ni kweli kuko hatari." Alisema si wazimu, wala si pepo. Dawa yake ni kusimulia tena, pamoja na ile sehemu inayorukwa, polepole, mchana, mara nyingi, mpaka iwe jambo lililopita. Na kurudi chumbani kidogo kidogo. Ushuhuda kanisani, apumzike kwanza. "Mwanzo maumivu itaongeza," alituambia. "Musikimbie."

Yaliongezeka kweli. Kaka alikuwa anamwona muuguzi kila juma, na siku za katikati alinisimulia mimi, uani, amefumba macho. Nilikatazwa kumfariji. Nilikatazwa kusema chochote. Mama alikaa nasi akichambua maharage, na kaka alipotaja tu jina la Mungu, yeye alisema "Amina!" kwa mazoea, akajiziba mdomo na mkono wenye vumbi la maharage. Kaka alifika kwenye taa iliyozima, akaishia hapo, akaenda kutapika nyuma ya jiko. Usiku hakuna aliyelala. Asubuhi nilifua mablanketi nikiwa nimesimama wima kwa nguvu ya mazoea tu.

"Munamuchokoza," mama aliniambia kando ya beseni. "Alikuwa anasimama mbele ya batu sawa mufalme. Sasa anatapika sawa mutoto. Ile njo dawa?"

Nilikamua blanketi. Nilichoka kiasi kwamba nilianza kuutamani ule wimbo wake wa kanisani, kwa sababu angalau baada ya wimbo tulikuwa tunakula.

Mchana mmoja aliivuka taa. Aliendelea kusema bila kubadili sauti, na mimi nilikaza vidole vya miguu ndani ya kandambili nisitikisike. Nyuma yake alikuwapo mwenzake, kijana wa Dilolo tuliyemzika juma lile tukidhani alikufa papo hapo, aliyegawana naye taa moja na bukari moja, ugali wa kwetu. Udongo ulikuwa umewafikia kifuani. Hawakuonana, ila kila mmoja alisikia pumzi ya mwingine. Yule kijana alikuwa anafanya mzaha.

"Wee muzee, ukitoka wa kwanza, usikule bukari yangu. Naijua ile tumbo yako."

Kisha akawa anauliza tu: "Uko?" Na kaka anajibu: "Niko." Mzaha ukaisha, maswali yakabaki. Halafu maswali nayo yakaisha.

"Mi niliendelea kumujibia," kaka alisema. "Hakuna mwenye kuuliza, na mi nasema niko, niko. Sikuimba. Hakukuwa wimbo. Niliiweka wimbo, sababu ningesema nini? Mungu alinitoa mi, yeye akamuacha? Mama yake alitoka Dilolo kwa maziko. Jumapili ile alikuwa ku kiti ya mbele. Alikuwa anapiga makofi."

Mama hakusema Amina. Nilimwona anachukua mawe aliyokuwa ameyatoa, anayarudisha ndani ya maharage, moja baada ya jingine, bila kujua.

Kesho yake alisimulia tena, na kesho kutwa. Alilia, baadaye akalia kidogo, baadaye akafika mwisho na kuuliza kama chai imebaki. Tulianza na kiti. Kiti mlangoni, yeye amekaa, mimi naongea naye upuuzi wa mtaani. Kiti hatua moja ndani. Kiti karibu na kitanda, mlango wazi. Siku nyingine alirudi nyuma, kiti kikarudi mlangoni, nasi tukaanza upya bila hasira, kwa sababu hata hasira inataka nguvu.

Mama ndiye aliyekosa subira. Alimpigia mke wa kaka simu bila kutuambia, akamwambia mumewe amepona.

Shemeji alifika mchana wa wingu, mtoto mkononi, begi begani, lile bega zima. Kaka alikuwa amekaa chumbani juu ya kitanda, mlango wazi. Nilimwona anajiweka sawa, anafuta magoti ya suruali. Walisalimiana kama wageni. Mtoto alificha uso shingoni mwa mama yake. Na hapo mvua ikaanza, mvua yetu ya Lualaba isiyotoa taarifa, ikagonga bati kama mchanga unaomwagwa na malori.

Kaka alisimama, akampita mke wake, akampita mtoto, akatoka nje.

"Mama," mke wake alisema, "uliniambia alishapona."

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakuinua macho. Shemeji hakuweka begi chini. Nilijua akitoka sasa hatarudi, na kaka alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa uani, mkono umeshika ukuta, analowa, midomo inatembea. Muuguzi alikuwa amemfundisha: ukitoka, taja kinachokuzunguka, kisha rudi kabla woga haujakuwa bosi. "Ukuta," alikuwa anasema. "Mvula. Kapata. Leo."

Akarudi. Bati lilikuwa bado linapigwa. Aliingia akidondosha maji sakafuni, akakaa kitandani, akaikalia mikono yake.

"Sijapona," alimwambia mke wake, kwa sauti ya juu kushinda mvua. "Mama alikudanganya sababu anatamani urudi. Naogopa hii chumba. Lakini nakaa mu ndani. Bega yako?"

"Ku baridi inauma."

"Najua ni mi."

"Kama unajua, basi." Alimpandisha mtoto kiunoni. "Mutoto atalala wapi?"

"Alale na mama yangu kwanza. Mpaka mimi mwenyewe niseme."

Aliposikia hilo, shemeji alishusha begi. Alimpa mama yangu mtoto, akafungua kitenge kilicholowa, akatafuta pa kukianika. Msumari ulikuwa nyuma ya mlango. Ili aufikie, ilibidi ausukume mlango mpaka ujifunge nusu. Chumba kikaingia giza. Kaka aliutazama ule mlango, na hakusema aufungue.