Kicheko cha Getini

Wenzake walimwita Bibi Kicheko, na wageni walidhani ni ucheshi tu. Kumbe kicheko kilikuwa kipimo. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza watu msituni kuwatazama sokwe, na kabla ya kufungua geti aliwachekesha. Mtu ukimuuliza kama anakohoa, ataapa mbingu na ardhi kwamba ni mzima. Mchekeshe, kifua kitasema chenyewe. Mafua yetu ni kamasi za siku chache tu, lakini sokwe yanaweza kumuua, na maskini hajui hata kupenga.

Basi aliwarudisha wengi. Alimrudisha bwana harusi, bibi harusi akaenda zake peke yake. Alimrudisha bosi wake mwenyewe na tai yake. Na mwaka jana, jamani, alimrudisha mama mkwe, aliyekuja na gauni jipya! Mama mkwe alinuna, asikanyage tena kwa mwanawe.

Asubuhi hiyo Bibi Kicheko aliamka na furaha ya kupasuka. Kibogoyo, sokwe jike ambaye yeye alimfuatilia tangu aanze kazi, akaomboleza naye watoto wawili waliokufa, alikuwa amejifungua. Askari wa doria alikiona kimkono kikichungulia kifuani pa mama. Bibi Kicheko alicheza bafuni, akacheza jikoni, akavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Koo lilimwasha kidogo.

"Vumbi hilo," alijiambia, akanywa maji ya moto.

Getini, nani kasimama mbele ya wageni wote, kanawa mikono, barakoa kutoka puani mpaka kidevuni? Mama mkwe!

"Karibuni," Bibi Kicheko alianza, akijikaza. "Mume wangu anakoroma mpaka jirani anakuja kuuliza kama tumenunua trekta."

Wageni waliangua kicheko, vifua safi kabisa. Mama mkwe akainua kidole.

"Usimsingizie mwanangu kwamba kaanzia kwako. Siku aliyozaliwa alikoroma, mkunga akainama kutafuta paka chini ya kitanda!"

Bibi Kicheko alicheka. Alicheka mpaka akashika geti, na katikati ya kicheko kikatoka kikohozi, kinene, chenye mkia mrefu.

"Ni vumbi, mama," alisema, na macho yakamjaa machozi. Kibogoyo wake! Mtoto!

"Mwaka jana na mimi nilisema vumbi," mama mkwe alijibu taratibu. "Sheria ni msumeno, mwanangu."

Hukata mbele na nyuma, ndiyo. Bibi Kicheko alimkabidhi mwenzake ufunguo, akavaa barakoa, akakaa kwenye benchi la nje kama mgeni yeyote aliyerudishwa.

Jioni wageni walishuka kutoka msituni wakipiga gumzo. Mama mkwe alisimama mbali.

"Usisogee! Kaa hukohuko na mafua yako!"

Kisha akaweka mkoba chini, akachuchumaa vumbini na lile gauni lake la mwaka jana, mtu mzima na heshima zake. Akaanza kumuigiza mtoto wa Kibogoyo: akakunja ngumi ndogo kifuani. Akanyonya kidole kwa kelele. Akamvuta sikio mama wa kufikirika, akapiga chafya ya uongo, akashtushwa na chafya yake mwenyewe.

Bibi Kicheko alicheka, akakohoa, akalia, vyote kwa mpigo. Mwaka mzima wa kununiana uliyeyuka palepale.

"Ana meno, mama?"

"Hana hata moja! Kamfuata mamaye."

"Rudia, mama. Pale pa sikio."

Na mama mkwe, magoti yakimlia, akachuchumaa tena.