Mita Mbili za Baba

Msalaba mwekundu ulichorwa kwenye ukuta wa nyumba ya mama siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na mama akampa chai bwana aliyeuchora. Ndivyo alivyo. Mtu anakuja kuandika nyumba yako ibomolewe, wewe unamtafutia kiti. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta kibarazani, ametundika kitenge juu ya ile rangi. Nilikifunua, nikauona msalaba, kisha nikatoa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa. Mama aliniambia nishushe sauti, majirani wanasikia.

Majirani walikuwa na misalaba yao. Nyumba sita za mstari wetu, hapa mtaa wa Murara, zilichorwa kwa sababu moja: zote zilikuwa zimeingia barabarani mita mbili. Wizara ya urbanisme, yaani mipango miji, na makazi, huko Kinshasa, ilitaka barabara zirudi upana wake wa kwenye ramani, na mafundi wake wa hapa Goma walipita na mita za chuma wakipima kutoka pembe ya ukuta wa kanisa, ng'ambo ya barabara. Kutoka pale hadi mwanzo wa parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ni mita arobaini, na karatasi yetu wenyewe inasema hivyo. Wao walifikisha mita arobaini wakiwa ndani ya chumba cha mama, karibu na kitanda.

Na kila mtu katika mstari alijua aliyeanza ni nani. Lava ya volkano iliposhuka ikafunika mtaa, baba alikuwa wa kwanza kurudi. Alipima kutoka pembe ileile ya kanisa, maana ndiyo peke yake iliyokuwa bado inaonekana, akapanga mawe, akasema parseli yetu inaanzia hapa. Wenzake walipokuja hawakupima kitu, walijipanga na sisi. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe kutoka milima ya Masisi, hana maneno mengi, na watu walimwamini. Alipofariki walimlilia kweli. Sasa siku mbili za rangi nyekundu zilitosha kuwageuza. Jirani wa kulia, mzee anayeuza mbao, alisimama langoni kwetu akasema wazi, mama akiwa anasikia: "Muzee alikulaka barabara, njo maana tunateseka sisi wote."

Ninaona aibu kuliandika hili, lakini nilimwamini yule jirani. Nafundisha hesabu darasa la sita. Mtu akikosea kipimo, hukosea sentimita themanini, au mita moja na kitu. Mita mbili kamili niliziona kuwa namba ya mtu aliyeichagua. Niliwaza hivyo nikipika, niliwaza hivyo nikisahihisha madaftari, na nilimkasirikia marehemu kiasi kwamba picha yake ya sebuleni nilikuwa naipita bila kuitazama. Mama sikumwambia. Lakini Ijumaa, akichambua maharage, aliniuliza bila kuinua macho:

"Na weye unawaza alikuwaka mwizi?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno, na akajua.

"Basi twende kwa urbanisme," alisema. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akachukua kikapu.

Njia nzima nilijiandaa kugombana. Nilikuwa na hotuba yangu tayari, yenye ukali wa kutosha. Bahati mbaya injinia aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani, aliyemwamkia mama vizuri na kumsogezea kiti chenye mto. Hotuba yangu ikakosa mahali pa kuanzia.

"Mama, niko na swali moja tu," alisema, mama alipomaliza kumweleza shida yetu. "Muzee alipimaka na nini? Kama aliingia mu barabara na kusudi, tunabomoa, na parseli yenyewe inachunguzwa upya. Kama ni kosa ya kipimo, tunasahihisha. Nyumba inarudi nyuma, inabakia yenu."

Mama akaingiza mkono kikapuni akatoa kamba ya katani. Niliifahamu. Miaka yote ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, na nilidhani ni ukumbusho wa ng'ombe. Alieleza kwamba baba aliinunua dukani siku chache kabla ya lava, mpya, mita kumi, na kwamba ndiyo aliyopimia, akiilaza mara nne. Injinia akainyoosha sakafuni, akaweka mita yake ya chuma kando yake. Mita kumi, kasoro vidole vichache. Mara nne ni arobaini.

Kamba ilikuwa ya kweli, kwa hiyo muongo alikuwa baba. Nadhani yote yalionekana usoni kwangu, kwa sababu mama alinitazama mimi, siyo injinia, alipoanza kusema.

"Ile siku mvula ilikuwa inanyesha. Mvula ya kweli. Lava ilikuwa ingali moto chini, inatoa moshi, tulikuwa hatuonane. Ni mimi nilishikaka upande mwingine. Kamba ilikuwa inatiririka maji mu mikono yangu."

Injinia akatoka, akarudi mwenyewe na beseni la maji.

Tulikaa pale, wanawake watatu wazima, tukitazama kamba ikilowa. Alituambia kwamba katani ikishiba maji hufupika, na kwamba wazee waliomfundisha kazi walikuwa wakali sana juu ya jambo hilo. Alipoitoa, mama akashika ncha yake kama siku ile, mimi nikashika ncha ya baba, na yeye akapima. Mita tisa na nusu, na kitu kidogo juu. Nilipiga hesabu kabla yake: nusu mita inayopotea, mara nne.

Nilikaa kwenye kiti cha injinia bila kuombwa. Sijui kama nimewahi kupata nafuu ya namna ile. Nilimwomba baba msamaha moyoni, kwa jina lake.

"Lakini kama mbele mulizidisha metre mbili," injinia akaendelea, "nyuma mulikosa metre mbili. Huko nyuma kuna nini?"

Hapo mama akabadilika. Aliyekuja kumtetea mume wake bila kutikisika sasa alikuwa anakunjakunja pindo la kitenge.

"Mama injinia, unisamehe. Nyuma ya ukuta kuna fasi ya serikali. Nalimaka pale lengalenga. Kidogo tu."

Hata mimi sikujua. Alikuwa amebeba udongo kwa mifuko, akautandaza juu ya lava, na mboga ile ya mchicha tuliyokuwa tunakula miaka yote alikuwa anaichuma alfajiri, kabla majirani hawajaamka. Injinia alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, ile fasi ni yako."

Tulipewa mwezi mmoja wa kurudi nyuma, mstari wote. Nyumba zetu za mbao zimekaa tu juu ya mawe. Ukitoa vitu, watu wa kutosha wakipitisha nguzo chini na kuinua pamoja, nyumba inatembea. Tulianza na yetu, kwa kuwa ndiyo iliyoanza kukosea. Yule mzee wa mbao alileta nguzo zake ndefu kuliko zote, akasimama mbele ya mama, kofia mkononi.

"Mama, nilisema mubaya juu ya muzee."

"Shika upande wa mbele," mama akamjibu. "Kule njo kuna uzito."

Ila nyumba ilikuwa inakwenda kukaa juu ya bustani, kwa hiyo mboga ilibidi itoke kwanza. Mama aliingia humo saa tano mchana, jua limewaka, mstari mzima ukimtazama. Alichuma polepole, shina kwa shina, wala hakuangalia nyuma hata mara moja. Nilimshikia beseni.

"Kumbe mwizi wa hii nyumba nilikuwaka mimi," aliniambia, "na nilikuwa naiba vyangu."