Chungwa la Nesi Scholastika

Nesi Scholastika hakutoboi kidole mpaka akuoshe mikono yeye mwenyewe, kwa kipande cha sabuni anachotembea nacho kwenye mkoba. Wapo wanaosema ana makeke. Waache waseme, mimi najua sabuni ile ilianzia wapi.

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye uwezo alipofungua kibanda chake, yeye aliacha kazi hospitali Morogoro mjini, akauza cherehani yake, akanunua kipimo cha sukari kinachoenea kiganjani. Watu walimcheka. Nesi mzima aache mshahara akapande milima na kidude! Yeye akavaa raba, akapanda.

Kabla yake, mgonjwa wa kisukari wa kijijini kwetu Kinole, huko milimani, alipoteza siku nzima kushuka mjini kwa ajili ya tone moja la damu. Sasa tone lilitolewa barazani, na jibu likapatikana kabla chai haijapoa. Nilimpenda sana, hadi alipomgombeza mama yangu.

Mama, Bi Mwaisha, alikuwa na kisukari mwaka wa pili. Kila mara nesi alipokuja, kipimo kilisoma juu. Kumi na sita. Kumi na nane.

"Mama, unalamba sukari," nesi alisema.

Mama aliapa kwamba hata chai anakunywa bila sukari. Nesi akaongeza vidonge. Mimi, kwa ukali wangu, nikalifungia kopo la sukari sandukuni na ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga yangu. Mama akazidi kukonda.

Asubuhi moja nesi alimkuta barazani anatetemeka, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mgeni kwetu hakai mikono mitupu. Mama alichukua kisu akammenyea chungwa, kama alivyofanya kila mara, ingawa siku hiyo kisu kilimcheza mkononi. Akampa, ndipo akatoa kidole.

Kumi na tisa.

Nikaanza kufoka. Nesi akaninyamazisha kwa mkono. Jasho na kutetemeka kule ni dalili za sukari kushuka, si kupanda. Kama kipimo kinadanganya, kidonge kimoja zaidi kingemuua mama. Akakiinua kile kidole hadi puani. Kilinukia chungwa.

"Yasmin, maji na sabuni! Kimbia!"

Akamwosha mama mikono, akaifuta kwa kitenge chake, akatoboa kidole kingine. Mbili nukta moja.

Alilichukua chungwa alilomenyewa, akamkamulia mama mdomoni kidogo kidogo. "Meza, mama. Meza, mama yangu." Mama akameza. Jasho lilipokauka, nesi alikaa sakafuni akalia bila kujificha.

"Nilikuita mwongo, mama. Kumbe nilikuwa napima machungwa. Nisamehe."

"Mlinisingizia wote wawili," mama alisema polepole. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akayatazama maganda miguuni pake. "Haya, chungwa la mgeni nimelila mimi. Yasmin, mmenyee nesi jingine."

Nilifungua kwanza pindo la khanga, nikamwekea mama ufunguo kiganjani, ndipo nikaenda kutafuta kisu.