Soya Iliyoanikwa Juani

Unga wenyewe ulikuwa mweusi, ungedhani masizi ya sufuria. Muuzaji wa Lilongwe alinieleza kuwa ndani mna bakteria walio hai. Wanakaa kwenye mizizi ya soya na kuilisha, basi mtu hahangaiki na mbolea ya dukani. Ila jua likiwapiga wanakufa. Niliubeba hadi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, ndani ya kitenge kilicholowa, roho juu njia nzima. Shamba tulilolima nyuma ya kambi lilikuwa la Mmalawi mmoja, naye alishasema soya ikitoka ya njano tena, basi udongo umechoka, analichukua alipumzishe. Hatukuwa na shamba jingine, na posho ya kambi ilikuwa imepunguzwa.

Asubuhi ya kupanda nilichanganya mbegu na ule unga kwa maji ya sukari ili ushike. Nikaacha beseni kivulini, nikaenda kuazima jembe. Kurudi, Mungu wangu, mama mkwe ameanika karibu nusu ya mbegu kwenye mkeka, jua la kuchoma. Kwetu Fizi, tulikokimbia, mbegu iliyolowa haiingii shambani, huanikwa kwanza isije ikaoza. Alidhani nimezembea, akanisaidia.

Niliwaka. Nikamwambia ameua. Akaniuliza tangu lini mtu anafuga wadudu kwenye mbegu, akaendelea kutandaza. Pakiti ilikuwa hiyo moja na mvua ilishaanza, tukapanda hivyo hivyo: mbegu za kivulini upande wa barabara, za mkekani upande wa kijito.

Soya iliota vizuri pande zote, na hilo ndilo lililonitesa, maana halikuniambia kitu. Kila asubuhi nilikwenda kukagua majani. Nikipika nsima, ugali wa huku, inaungua, mawazo yako shambani. Kisha upande wa kijito ukaanza kupauka. Mama mkwe naye aliona. Hata kunigombeza aliacha, nikaogopa zaidi.

Mwenye shamba alikuja soya ikiwa kwenye maua, akaingilia upande wa kijito kama kusudi. Akatikisa kichwa, akasema kwa Kichewa kwamba alituambia, udongo umechoka. Mama mkwe, asiyejua Kichewa hata kidogo, aling'oa mche pale, akaenda kung'oa mwingine upande wa barabara, akamwekea yote miwili mkononi. Mizizi ya mmoja ilikuwa mitupu. Ya mwingine ilijaa vinundu. Akapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu, dalili kwamba bakteria wako hai.

"Mwambie udongo haina kosa," aliniambia bila kunitazama. "Njo mi nilianika mbegu."

Nikatafsiri. Mwenye shamba alikigeuzageuza kile kinundu, akacheka, akasema mwaka ujao tupande tena, ila huyu bibi akae mbali na beseni.

"Anasema nini?" mama mkwe akauliza.

"Anasema tupande tena."