Namba ya Mzee Subiri

Basi lilifika mtoni likagoma. Daraja lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, na kondakta, ambaye bila shaka alikuwa na habari hiyo tangu asubuhi, aliwatangazia abiria kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani kwamba safari itaendelea keshokutwa, Mungu akipenda, na fundi wa daraja akipenda pia. Watu walinung'unika kidogo, wakashusha mizigo. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja mkalimani, mwenye begi moja la mgongoni, ambaye hakuwa amewahi kuukanyaga mji ule wala kusikia habari zake.

Kazi yake ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Aliyasema mahakamani, hospitalini na kwenye mikutano ya wakubwa, akihama lugha moja hadi nyingine kama mtu anayehama viti, na miji aliyolala ilikuwa imeshachanganyika kichwani mwake. Alishika barabara pekee iliyokuwa na watu, akapita mafundi wa kuchomelea mageti na duka la magodoro, akafika kwenye nyumba ya wageni ya ghorofa moja yenye mlango wa kijani. Ndani kulinukia sabuni ya kudekia na ukuta mbichi.

Mapokezi alikuwa ameketi mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, tai imekazwa hadi kooni ingawa kulikuwa na joto. Mbele yake palikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa kisimu cha vitufe, kimetupwa tu pembeni. Nyingine ilikuwa kubwa, kioo kimepasuka, imechomekwa kwenye chaji na kulazwa juu ya leso nyeupe kama mgonjwa.

Mkalimani alisalimia, akapewa ufunguo, akauliza kama intaneti ipo.

Mzee alisema ipo, ila ikitumiwa na wengi inachoka. Akamwomba kwa adabu kubwa asiitumie kwa video.

Mama mmoja mnene alipita na ndoo, akacheka. Huyo ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, na mkuu wa kila kitu ambacho hakikuwa mezani kwa mzee. "Mzee Subiri, umeshaanza kuwanyima wageni intaneti?"

"Sijamnyima mtu. Nimemsihi."

"Jana umemsihi yule wa chumba cha juu mpaka akahama."

Jina lenyewe mkalimani alielezwa jikoni jioni ile, alipokwenda kuomba maji ya moto na kukalishwa kwenye kigoda. Mpishi alisema mzee alikuwa opereta wa simu pale posta, enzi zile mtu hawezi kupiga mji wa pili bila kupitia kwa opereta. Alikaa mbele ya ubao wa matundu na waya, masikio yamezibwa na vifaa vyake, na kila aliyeinua simu mjini aliisikia sauti yake kwanza: subiri kidogo, ninakuunganisha. Watoto walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Posa, misiba, ugomvi wa mashamba, vyote vilipita masikioni mwake, na hata kimoja hakikutokea mdomoni.

"Ana siri za mji mzima huyu," mpishi alisema. "Tumemsubiri azeeke aanze kuropoka. Amezeeka, lakini wapi."

Mitambo mipya ilipokuja, ubao ulibebwa kwenye gari la vyuma chakavu, na mzee akapewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Baadaye mkewe akafariki. Akabaki na binti mmoja.

Hapo mpishi alishusha sauti. Binti alikuwa amekwenda nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka, kutunza wazee wawili nyumbani mwao. Tangu siku ya kwanza mwajiri wake alizichukua hati zake na simu yake, akasema ni kwa usalama. Binti hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia habari za nyumba kama hizo, na kabla ya kuondoka alimwachia baba yake ile simu kubwa. Mahali pa kuwekea laini palikuwa pameharibika, kwa hiyo ilifanya kazi kwa intaneti ya pale nyumbani tu. Humo ndani alimfungulia namba ya bure ya mtandaoni, tena namba ya nchi ile ya pili, akaikariri. Alikuwa amewaza mbali. Mtu hawezi kumwazima mgeni simu apige nje ya nchi, lakini kupiga namba ya palepale, hata muuza nyanya atakuazima.

Na kweli ilikuwa hivyo. Kila alipotumwa sokoni, binti aliazima simu akampigia baba. Mara ya mwisho alisema anatoroka. Mpakani, alisema, mtu asiye na hati hurudishwa alikotoka, isipokuwa ndugu yake awepo kumtambua, akiwa na cheti cha kuzaliwa. Kuna vivuko viwili, cha juu na cha chini, na kati yake ni safari ya siku nzima. Akishatoka angepiga amwambie baba amngojee kwenye kipi.

"Tangu hapo kimya," mpishi alisema. "Na yeye haondoki pale mezani. Analala kwenye kiti."

Walipotoka na chai, mpishi aliiweka mbele ya mzee, akasema kama mtu anayezungumza na ukuta kwamba mgeni huyu ni mkalimani na lugha ya huko anaijua, kwa nini asiiangalie ile simu. Mzee alisema hakuna cha kuangalia. Simu ni nzima, chaji imejaa, mtandao upo. Kilichokuwa kikiingia ni matangazo tu ya biashara, kwa lugha ya watu, naye alikuwa akiyafuta ili yasizibe njia. Limebaki moja la majuzi.

Mkalimani aliomba kuliona. Alilisoma mara moja, kisha akalisoma tena polepole.

Alikuwa amezoea kuyabeba maneno mabaya. Aliwahi kuwaambia watu vifungo vyao na magonjwa yao bila kutetereka, kwa kuwa maneno hayakuwa yake. Safari hii alisita, na mzee, ambaye maisha yake yote alisikiliza watu wakisita kwenye waya, aliinua uso kabla hajaambiwa.

"Sema tu, mwanangu."

"Wanasema namba hii haijapiga simu wala kutuma ujumbe kwa muda mrefu. Wamekuonya mara kadhaa. Sasa wameichukua, na wana haki ya kumpa mtu mwingine."

"Haijapiga," mzee alirudia. "Mimi nilikuwa nangoja kupigiwa. Nilikuwa naiacha wazi."

Posta, laini iliyokuwa ikingoja simu ya mbali haikuguswa. Opereta angeweza kumkatalia hata mkuu wa wilaya, kwa sababu simu ya mbali ikija ikakuta waya umeshikwa, hurudi, na pengine haiji tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake ya kazi. Siku hizi simu hata ikiwa inatumika anayepiga huonekana, lakini hilo hakuna aliyemweleza. Mpishi aliwahi kumbembeleza amwachie ampigie dada yake kwa namba ile, maadamu ni bure, akafukuzwa kama kuku. Aliukumbuka mkasa huo sasa, ulionekana usoni pake. Simu moja tu kwa dada yake ingeiweka namba hai.

Mzee aliifungua tai, akaikunja, akaiweka mezani. "Kama wamempa mtu," alisema, "basi mwanangu amekuwa akimpigia mtu huyo."

Mkalimani alifungua namba nyingine ya bure ndani ya simu ileile, ya nchi ileile, na kwa namba hiyo mpya akaipigia ya zamani. Iliita. Ilipokelewa na mwanamke, nyuma yake kukivuma mashine za kukaushia nywele. Mkalimani alianza kujieleza kwa lugha ya huko, kwa upole, na huenda huo upole ndio ulioharibu. Mwanamke alisema amechoka na matapeli, akakata. Walipopiga tena hakupokea.

"Mwandikie," mzee alisema.

"Nimwandikie nini?"

Alifumba macho, akatamka neno moja moja, kama anayesoma simu ya maandishi ya zamani. "Mimi ni baba. Namba uliyonayo ilikuwa yangu. Mwanangu anaijua hiyo tu. Kuna msichana aliyepiga?"

Ujumbe ulikwenda. Chai ilipoa. Mpishi alikaa kwenye ngazi, ndoo katikati ya miguu. Simu iliita, na safari hii mashine za nywele zilikuwa zimenyamaza.

Mwanamke yule, msusi mwenye saluni yake, alisema kweli kuna msichana aliyepiga. Alipiga mara nyingi, kila mara akisema neno moja ambalo yeye hakulijua: baba, baba. Mwanzoni alimwambia amekosea namba. Mara ya mwisho, leo asubuhi, alikuwa na mteja kichwani. Alimfokea, akaifunga namba ile isipige tena.

Mkalimani aliyahamisha maneno yote, na kufokea kukiwemo. Angeweza kuyapunguza. Lakini mzee alikuwa akimtazama mdomo, na kumpunguzia mtu kama yule ingekuwa kumdharau.

"Mwambie hana kosa," mzee alisema. "Muulize alipigiwa kwa namba ipi."

Msusi alikuwa analia huko kwake. Aliitafuta, akaitaja. Mzee hakuandika. Alizirudia tarakimu mojamoja mara tu zilipotafsiriwa, kwa sauti bapa, isiyo yake ya kawaida, na mpishi pale kwenye ngazi aliinua kichwa. Ilikuwa sauti ya posta, aliyoisikia mara ya mwisho akiwa msichana.

Walipoipigia, namba ile ilikuwa ya duka la dawa kwenye stendi ya mabasi, mbali na mpaka. Muuzaji alimkumbuka msichana. Alilala kwenye benchi la nje, asubuhi akamsaidia kupanga maboksi, akaazima simu. Baada ya kufokewa alikaa chini muda mrefu. Kisha akainuka, akasema kila mtu na Mungu wake, akapanda basi.

"Basi la wapi?" mkalimani aliuliza.

"La kivuko cha chini. Litafika kesho jioni."

Kivuko cha juu kilikuwa ng'ambo ya daraja lililofungwa. Cha chini kilikuwa upande wao, kwa njia inayofuata mto. Mzee alipoelezwa alisimama. Mpishi alisema shemeji yake anaondoka na lori la saruji asubuhi, kwenda hukohuko. Akatoka mbio kwenda kumwambia, akiwa na ndoo yake mkononi.

Lilibaki suala la simu. Msusi alikuwa ameahidi kwamba msichana akipiga tena kwa simu yoyote atampa namba mpya, na neno baba alikuwa ameshafundishwa maana yake. Lakini namba mpya nayo haikuwa na uhai nje ya intaneti ya nyumba ile. Mzee akiondoka nayo, njiani ingekuwa kipande cha kioo tu. Akibaki nayo, binti angesimama kivukoni peke yake.

Aliitazama pale juu ya leso. Kisha akaisukuma, leso na vyote, upande wa pili wa meza.

"Sijui kama naruhusiwa kumwomba mgeni jambo kama hili," alisema.

"Daraja likifunguliwa, basi litakwenda bila mimi," mkalimani alijibu. "Akipiga nitapokea. Nitakupigia kwenye hicho kidogo. Na hii nitaipigisha kila siku, mpaka mama huyu achoke kuongea na dada yake."

Asubuhi lori lilisimama mlangoni, limefunikwa turubai, vumbi la saruji likifuka kila injini ilipotikisika. Mzee alikuja na koti, cheti cha kuzaliwa cha binti kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya shati, kifuani. Mpishi alimpa chakula kilichofungwa kwenye kitambaa, akamwambia akimrudisha huyo mtoto atalala kitandani kama binadamu wengine. Mzee alisema atalifikiria.

Kisha alimvuta mkalimani pembeni. Aliuliza mtu anawaambiaje walinzi wa mpaka, kwa lugha ya huko: huyu ni mwanangu.

Mkalimani alimwambia. Ilikuwa sentensi fupi, lakini ilikuwa na sauti moja ya kooni ambayo Kiswahili hakina, na mzee aliikosa. Aliirudia, akaikosa tena. Hakuona haya. Aliomba aisikie tena, akaweka vidole kwenye koo lake mwenyewe atafute mahali inapotokea.

"Nikikosea hawatanielewa?"

"Watakuelewa, baba."

"Hapana. Nifundishe vizuri."

Walisimama pale, dereva akipiga honi, mkalimani akisema na mzee akifuatisha, mpaka sauti ile ikakaribia kutoka sawa. Mzee alipanda, akaketi karibu na dirisha. Lori lilirudi nyuma, likageuka, likashika njia ya mto. Mkalimani alibaki kwenye kizingiti na shada la funguo la nyumba nzima mkononi, akimwona mzee kupitia kioo, uso ameelekeza mbele, midomo ikitembea.