Sahani ya Mama

Majuma yale ya fujo za baada ya kura, sisi wa mtaa wa Laini Saba tulikula tulichopata. Vibanda vilikuwa vimechomwa, reli imeng'olewa, na pakiti yetu ya unga ililala chini ya kitanda, isije ikaonwa. Mama alisonga ugali mdogo, akapakua, kisha akatusukumia sahani yake, mimi na dada yangu.

"Kuleni tu. Mimi niko sawa," alisema, mkononi kikombe cha strungi, ile chai yake isiyo na maziwa.

Tukala. Jirani yetu alimtazama alivyokonda, akatuambia, "Huyo ndiye mama. Anajinyima ndio nyinyi mshibe." Lakini nani hakukonda? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikawaza, na nikajivunia mama niliyepewa.

Barabara zikafunguka, nikarudi kazini, nikanunua nyama. Mama aliifurahia hata kabla haijaiva. Akaketi, akatia kipande kinywani, akatafuna, akatafuna. Kisha akageuka ukutani akaitema yote kwenye leso.

"Ni mfupa?" nikauliza.

"Haishuki. Hata ugali haushuki."

Kesho yake nikampeleka hospitali.

Huko wakamwingizia kamera kooni. Daktari akauliza shida ya kumeza ilianza lini. Nikadakia, "Ni hizi fujo, daktari. Alikuwa anatuachia chakula."

"Hapana," mama akasema. "Ilianza kabla ya kura. Nilidhani ni asidi, itaisha. Halafu hawa wanangu wangenipeleka wapi, na barabara zimefungwa?"

Kabla ya kura! Nilimkodolea macho kama mtu nisiyemjua.

Daktari akasema ni saratani ya umio, koo la chakula. Siku hizi wanaiona sana, akasema, hata kwa vijana wa rika langu, na wengi hufika kama mama, wakati upasuaji hausaidii tena. Angewekewa humo mrija wa waya ili chakula kipate njia. Kupona, asingepona. Nilimchukia daktari yule kana kwamba ugonjwa ameuleta yeye.

Mrija ukawekwa. Nikampelekea uji. Alimeza kidogo, akangoja, ameshika kifua. Ukashuka. Akamaliza kikombe, akanyoosha mkono aongezewe, machozi yakimtiririka.

"Nilikuwa na njaa," akaniambia. "Siku zote hizo mkikula, nilikuwa na njaa."